Kitabu Kilicho Nyuma ya Kicheko

Kicheko ni mali ya haraka. Huja bila kupiga hodi, hukaa kitambo, huondoka bila kuaga, wala aliyecheka haulizi kilitoka wapi. Jasho la aliyekitengeneza hukauka kimya, na likisha kukauka halina shahidi. Ndiyo sababu navipenda vitabu vya namna moja ambavyo wasomi wengi huvipita rafuni kwa dharau: vitabu viandikwavyo kufuatana na mchezo wa televisheni, vikieleza jinsi ulivyobuniwa, ulivyoandikwa na ulivyochezwa. Watu huviita vitabu vya mashabiki. Mimi naviita vitabu vya ushahidi, na hapa nataka kukitetea kimoja.

Mchezo wenyewe ni The Mary Tyler Moore Show, ulioonyeshwa Marekani na shirika la CBS tangu Septemba 1970 hata Machi 1977, katika misimu 7 na vipindi 168. Kitabu ni Mary and Lou and Rhoda and Ted, cha Jennifer Keishin Armstrong, kilichotolewa mwaka 2013. Kwangu mimi kitabu kilitangulia na mchezo ukafuata. Nilisoma kwanza habari za waandishi, kisha ndipo nikatafuta walichokiandika. Huenda utaratibu huu ni wa kichwa chini miguu juu, lakini una faida yake: nilipoutazama mchezo, sikumwona mwanamke mmoja kiooni. Niliona wengi waliosimama nyuma yake.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huo, habari ni hii. Mary Richards, mwenye umri wa miaka 30, alivunjikiwa na uchumba wa muda mrefu akahamia mji wa Minneapolis. Aliomba kazi ya ukarani katika kituo kidogo cha televisheni, akaambiwa nafasi imekwisha kujazwa. Lou Grant, mkubwa wa chumba cha habari, alimpa badala yake kazi ya mtayarishaji msaidizi, yenye cheo kikubwa zaidi na mshahara mdogo zaidi kwa dola 10 kwa wiki. Aliipokea. Alipanga chumba, akapata marafiki, akaenda kazini asubuhi na kurudi jioni, na misimu yote 7 ikapita hakuolewa. Kabla yake Marlo Thomas alikwisha kucheza msichana aishiye peke yake katika That Girl, tangu 1966. Lakini msichana yule alikuwa na mpenzi wake karibu daima. Mary aliachwa asimame mwenyewe.

Kusimama huko hakukupatikana kwa urahisi. Waliobuni mchezo, James L. Brooks na Allan Burns, walitaka Mary awe mtalaka. Wakubwa wa CBS walikataa. Miongoni mwa hofu zao ilikuwa hii: watazamaji waliomzoea Mary Tyler Moore akiwa mke katika The Dick Van Dyke Show, iliyokwisha mwaka 1966, wangedhani ameachana na mumewe yule. Basi talaka ikageuzwa kuwa uchumba uliovunjika. Tafakari jambo hili, msomaji. Mwanamke wa kubuni hakuruhusiwa hata talaka ya kubuni kutoka kwa mume wa kubuni. Aliyetazama mchezo tu hawezi kulijua; ushahidi wake umo vitabuni.

Lakini lililonifanya nikithamini kitabu cha Armstrong ni nafasi kiliyowapa wanawake ambao majina yao hupita upesi mwisho wa kipindi, wakati mtazamaji amekwisha kuinuka kwenda jikoni: Treva Silverman, Susan Silver, Pat Nardo, Gloria Banta na wenzao. Hawa walikuwa waandishi. Kufikia mwaka 1973, kati ya waandishi 75 waliokuwa wameuandikia mchezo huo, 25 walikuwa wanawake. Theluthi moja yaweza kuonekana haba leo. Wakati ule ilikuwa ajabu, kwa maana vyumba vya waandishi wa vichekesho vilikuwa vya wanaume na moshi wa sigara. Mwaka 1974 Silverman alitunukiwa Emmy kwa uandishi wake. Wanawake hawa walikuja na maisha yao wenyewe: namna mwanamke anavyohesabu fedha za kodi, anavyochoshwa na mwanamume aliyeketishwa mbele yake kwa ajili ya uchumba, anavyosema na rafiki yake usiku pasipo mwanamume kusikiliza.

Wahenga wetu walinena: asiyekuwapo na lake halipo. Sijasoma kitabu kinachoifafanua methali hiyo vizuri kuliko hiki. Sisemi kwamba kila neno la haki katika mchezo liliandikwa na mwanamke. Brooks na Burns ni wanaume, na ndio waliofungua mlango. Lakini mlango uliofunguliwa wahitaji mtu wa kuingia, na aliyeingia alikuta nyumba haikujengwa kwa ajili yake. Yasimuliwa habari ya Ethel Winant, mwanamke aliyekuwa mkubwa wa CBS katika kuchagua waigizaji. Msala wa wakubwa haukuwa na komeo, kwa sababu hapana aliyewahi kuwaza kwamba mkubwa aweza kuwa mwanamke. Alipoingia msalani alikuwa akiviacha viatu vyake mlangoni, ili wanaume wajue kwamba yumo. Vichekesho vingi nimevisahau. Viatu vile sijavisahau.

Katika msimu wa tatu, mwaka 1972, kipo kisa kimoja kilichonigusa kuliko vingine. Mary alivumbua kwamba mwanamume aliyeishika kazi yake kabla yake alilipwa dola 50 zaidi kwa wiki. Alipomwuliza Bwana Grant sababu, alijibiwa kwamba mtu yule alikuwa na familia ya kulisha. Mary akahoji: ikiwa mshahara hufuata mahitaji, basi mwenye watoto watatu alipwe zaidi ya mwenye wawili, na mwenye wawili zaidi ya asiye na mtoto, na hivyo sivyo ilivyokuwa. Sheria ya Marekani ya malipo sawa ilikuwa imepitishwa tangu 1963. Sheria ilikuwa na miaka 9. Desturi ilikuwa na karne nyingi.

Niliposikia hoja hiyo nilicheka, kisha kicheko kikanikwama. Mwanzo wa kazi yangu ya ualimu, katika chuo nisichokitaja, mwenzangu wa kiume mwenye shahada kama yangu alipewa posho ya nyumba nami nikanyimwa. Sababu niliyopewa ilikuwa ile ile: yeye ana familia. Wakati huo nilikuwa nikimtunza mama yangu na kuwasomesha wadogo zangu wawili, lakini familia ya namna hiyo haikuwa na mahali pake katika fomu. Niliandika barua. Jibu lilikuja baada ya miezi tisa, na posho ikaja pamoja nalo. Miezi tisa ile haikulipwa. Shangazi yangu alipopata habari aliniambia, “Mwanangu, wewe huna mume wa kukusemea, basi jisemee.” Hakuwahi kuona mchezo wa Marekani hata mmoja.

Neno lake lanirudisha kwenye lugha, maana ndiyo kazi yangu. Mwanamke kama Mary kwa Kiswahili twamwita anayejitegemea, na neno kujitegemea lina uzito wake kwetu tangu Azimio la Arusha la 1967. Hapo halikumaanisha mtu kukaa pweke kama kisiwa. Lilimaanisha watu kuinuka kwa nguvu zao wenyewe bila kungoja ruhusa ya tajiri. Maana hiyo yamfaa Mary kuliko ile ya upweke. Aliwategemea Rhoda, Lou na wenzake wa kazini, nao walimtegemea. Asilokubali ni kwamba thamani yake itoke kwa mtu mwingine.

Wala uhuru wake haukukamilika, na hili ni la kukiri. Wenzake wote walimwita mkubwa wao Lou. Yeye karibu daima alimwita Bwana Grant. Wanafunzi wangu hubishana: je, ni heshima au ni woga? Mimi huwaambia kwamba jina la kuitana ni mizani ya jamii. Hapa kwetu mwanamke wa umri wangu huitwa Mama Fulani, na asiye na mtoto huwatatiza watu kidogo kabla hawajapata la kumwita. Mimi waliniita Mwalimu, nami nilitosheka nalo, kwa kuwa jina hilo nililipata kwa jasho langu.

Mary Tyler Moore alifariki mwaka 2017; Valerie Harper, aliyekuwa Rhoda, mwaka 2019; na Edward Asner, aliyekuwa Lou, mwaka 2021. Tangu mwaka 2002 mji wa Minneapolis una sanamu ya shaba ya Mary akirusha kofia yake juu. Mhusika wa kubuni ana sanamu. Wanawake waliomtilia maneno kinywani hawana; wana kitabu. Nasi tulio walimu na wanafunzi wa Kiswahili tuna michezo ya redio na ya jukwaani iliyotuchekesha tangu utotoni. Ni wangapi kati yetu wawezao kutaja majina ya walioiandika? Baadhi yao wangali hai na kumbukumbu zao zingalipo. Aliye na kalamu na aende akawaulize mapema, kwani sanamu yaweza kungoja, lakini shahidi hangoji.