Anagawa Visiwa, Anaondoka na Nchi

Kuna jamaa mmoja wa Unguja, akishika Empire: Total War washkaji wanajua leo hakulaliki. Gemu lenyewe ni la 2009, vita vyake vinaanzia mwaka 1700, na wengi wakifungua tu wanakimbilia mizinga. Yeye anaanzia kwenye mazungumzo.

Jimbo la mbali linalokula askari na hela, analiweka mezani kabla adui hajalinyakua. Anaomba teknolojia, au jimbo lililopakana na lake. Kompyuta ikigoma, anaongeza hela kidogo. Wanamwita mwoga, ila hesabu yake iko wazi: ardhi usiyoweza kuilinda, iuze ingali yako.

Aliyemnyamazisha ni dada yake. "Mdogo wangu, hivyo hivyo ndivyo tulivyochezewa sisi."

Na ni kweli, wadau. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza ilikubali kuwapa Wajerumani Heligoland, kakisiwa ka Bahari ya Kaskazini. Ujerumani nayo ikaachia Witu, na ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Mwingereza. Dili safi kabisa, bila risasi. Ila wavuvi wa Heligoland hawakuulizwa, wala wavuvi wa Unguja.

Jamaa bado anauza majimbo, na bado anashinda. Ila sasa anajua kitu kimoja: kwenye ile meza kuna sehemu ya hela, ya teknolojia, ya ardhi. Ya kumuuliza mwenyeji haipo.

Wewe ungeuza au ungepigana? Dondosha maoni yako hapo chini.