Geuza kamera upande wa SQ

Wacha niseme kitu ambacho wenzangu wa kontenti huenda wasipende. Video za majumba ya zamani ya Karen na Muthaiga zimekuwa nyingi sana siku hizi, na karibu zote ni video moja. Droni inapanda juu ya paa la vigae, kinanda kinalia polepole, halafu sauti inaanza: hapa aliishi bwana fulani, tajiri kutoka Uingereza, alipenda farasi, pombe na wake za watu. Tunaonyeshwa veranda, mahali pa kuota moto, nyasi zilizokatwa vizuri. Kwisha. Tuonane wiki ijayo.

Mimi pia nazitengeneza, na zinanilipia kodi kuliko vile ile digrii niliyoiacha mwaka wa pili ingenilipia kwa sasa. Sina noma nazo. Lakini kuna kitu tunakipita kila siku na kiko palepale kwenye kiwanja. Nyuma ya nyumba, ukishapita kamba za kuanika nguo, mara nyingi kando ya ua wa kayaba, kuna chumba kimoja au viwili vya mawe, dirisha dogo, choo cha kuchuchumaa pembeni. SQ. Nyumba ya watumishi. Sijawahi kuona droni ikisimama hapo.

Chukua nyumba inayojulikana kuliko zote, ile ya Karen Blixen. Ilijengwa 1912, yeye akaishi hapo mpaka 1931, kahawa ikamshinda, akarudi Denmark. Shamba likanunuliwa na mtu wa biashara ya ploti, Remi Martin, akalikatakata, na hivyo ndivyo tulivyopata mtaa wa Karen. Sinema ya 1985 ikaifanya nyumba iwe maarufu dunia nzima, na 1986 ikafunguliwa kuwa makavazi. Hiyo sote tunaijua.

Sasa, shamba lilikuwa la ekari kama 6,000, lakini zenye kahawa zilikuwa 600 hivi tu. Kwenye sehemu nyingine waliishi familia za Wakikuyu ambazo sheria iliziita maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kukaa, hata kama alizaliwa palepale. Shamba lilipouzwa, wakaambiwa wahame. Blixen, tumpe haki yake, alizunguka kwenye ofisi za serikali akiomba wapewe mahali pamoja badala ya kutawanywa, na wakapewa sehemu kule msitu wa Dagoretti. Kila nikipita Karen nikaona bango la "ekari moja inauzwa" huwa nawaza hao watu na ng'ombe wao wakivuka kuelekea Dagoretti. Hiyo ni video pia, au siyo?

Halafu kuna Kamante Gatura. Alikuja kwa Blixen akiwa kijana mdogo mwenye vidonda vya mguu, akapelekwa hospitali ya misheni ya Waskoti, akarudi, akawa mpishi. Mwana wa mfalme wa Uingereza alipokuja kula chakula cha jioni kwenye ile nyumba mwaka wa 1928, aliyepika ni Kamante. Kamante angalau alibahatika: 1975 hadithi zake mwenyewe zilitoka kwenye kitabu, na picha alizochora. Wangapi walipata hiyo nafasi?

Muthaiga nayo, kila mtu anakimbilia ile klabu iliyofunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1913 na vituko vya mabwenyenye wake. Au anakimbilia kifo cha Lord Erroll, aliyepigwa risasi Januari 1941 ndani ya gari lake, baada ya kumrudisha mke wa mtu nyumbani Karen usiku wa manane. Nimehesabu video kumi na moja za hicho kifo, moja ikiwa yangu. Gari lilikutwa na Waafrika wawili waliokuwa na lori la maziwa, saa tisa usiku. Wazia wewe ni Mwafrika, 1941, gizani, umekuta Mzungu mkubwa amekufa, na ni lazima uende ukaripoti. Kwangu mimi huo ndio mwanzo wa sinema. Kwenye hizo video wanapewa sekunde nne.

Kuna pia Ewart Grogan, mwenye nyumba ya Chiromo, ambayo baadaye iliuzwa kwa tajiri Mmarekani, McMillan, na leo iko ndani ya kampasi ya chuo kikuu. Tunapenda kusimulia kwamba Grogan alitembea kutoka Afrika Kusini mpaka Misri kwa ajili ya mapenzi ya Gertrude, na ile hospitali ya watoto ya Muthaiga, ya 1947, imebeba jina la huyo mke. Ni kweli yote. Ni kweli pia kwamba mwaka wa 1907 Grogan huyohuyo aliwacharaza viboko Wakikuyu watatu, wavuta riksho, mbele ya mahakama ya Nairobi, umati ukitazama, kwa sababu ilisemekana waliwakosea heshima wanawake wa Kizungu. Alifungwa mwezi mmoja. Ukisimulia matembezi bila viboko, hiyo ni tangazo la kuuza ploti.

Turudi kwenye SQ, kwa sababu haiko nyuma ya nyumba kwa bahati tu. Nairobi ilipangwa hivyo. Mzungu alikuwa na Muthaiga na vilima vya upande wa magharibi, Mhindi akawa Parklands na Ngara, Mwafrika akapelekwa Pumwani. Mwaka wa 1923 London ilisema huo ubaguzi wa makazi mjini usiwe sheria tena, lakini masharti yakajificha ndani ya hati za ploti: usimuuzie wala kumpangishia asiye Mzungu. Kwa hiyo njia ya Mwafrika kulala kwenye mtaa kama ule ilikuwa moja, awe mtumishi wa mtu. Na juu ya hapo kulikuwa na kipande, kuanzia miaka ya 1920, ndani ya kibati kinachoning'inia shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kwenda popote. Ukifukuzwa kazi, umefukuzwa kazi, nyumba na mji siku hiyohiyo.

Guka wangu alikuwa mpishi Muthaiga. Alitoka Vihiga akapata hiyo kazi 1955, na yeye mwenyewe hakuficha kwa nini ilipatikana: mwaka uliotangulia Operesheni Anvil ilikuwa imewasomba Wakikuyu kwa maelfu kutoka Nairobi, na majiko ya Wazungu yakabaki bila watu. Aliingia kwenye chumba cha mtu aliyekamatwa. Alikuta blanketi na sufuria moja. Hakuwahi kujua za nani.

Alikaa pale karibu miaka thelathini, familia mbili tofauti. Alikuwa na watoto watatu na bado anaitwa "boi". Shosho alibaki kijijini kwa sababu chumba kilikuwa cha mtu mmoja, na kuja Nairobi kulihitaji memsahib akubali kwanza. Mamangu alikuja mara mbili, likizo ya shule. Ukimuuliza nyumba ilikuwaje hawezi kukuambia chochote, rangi ya ukuta hajui, vyumba vingapi hajui. Anachojua ni kwamba ukitoka kwenye geti dogo unafuata kayaba mpaka mwisho, usikatize kwenye nyasi, usicheke kwa sauti, na bomba la maji lilikuwa na kutu na mdomo wake ulikuwa umefungwa kitambaa. Siku ya kwanza nilipomrekodi kwa simu aliongea dakika arobaini kuhusu hilo bomba na njia ya kayaba.

Picha ya guka akiwa kazini tunayo moja. Ni ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wa pale. Yeye ameshika keki, amekatwa begani.

Sasa, kuna wasee watanijibu: basi hayo majumba yabomolewe yote, si ni ya mabeberu? Sikubaliani. Kwanza yanabomolewa tayari. Ukipita Kileleshwa na Kilimani, zile nyumba za chini zenye kiwanja kikubwa zinaisha, kila mwezi kuna mabati mapya ya ujenzi. Najua kwa sababu naishi kwenye SQ ya mojawapo. Siku hizi SQ nyingi hazina mtumishi, zina vijana kama sisi, watu wa kontenti, wa kusoma mtandaoni, wa kazi za usiku za simu. Ni nafuu, kuna miti, kuna maji. Kiwanja chetu kimeuzwa na tumepewa notisi. Jambo la kuchekesha ni kwamba tangu habari ienee, watu watatu wamekuja na kamera kuaga nyumba kubwa. Wamepiga picha veranda, mlango wa mninga, hata kengele ya shaba. Mmoja aliniomba nisogeze ndoo yangu.

Na kitakachojengwa hapo? Gorofa, na kwenye tangazo imeandikwa: vyumba vitatu na DSQ. Ile D hata mawakala hawakubaliani maana yake. Nyingi nilizoingia ni kijumba kando ya jiko, kitanda kikiingia mlango haufunguki vizuri, dirisha likiwepo linatazama sehemu ya kufulia. Afadhali hata ile ya 1950 ilikuwa na hewa, manze. Wazungu walienda, Mwafrika akanunua Muthaiga na Lavington, jambo zuri, lakini mchoro wa fundi haukubadilika. Bado kuna mlango wa mbele na kuna mlango wa dada. Na sisi wa video za "karibu nyumba yangu mpya" tunasema "na hapa ni DSQ" huku kamera imeshageuka kutazama balkoni. Angalia yoyote, uhesabu sekunde.

Kwa hiyo yabaki, angalau machache, lakini yabaki yote, mbele na nyuma. Nyumba ikihifadhiwa halafu SQ ikageuzwa kuwa duka la kahawa au stoo ya vyombo vya bustani, tumehifadhi nusu, na ni nusu ambayo tayari ina vitabu na sinema. Guka hana hata bega la pili.

Chumba changu nimekipima juzi kwa futi: tisa kwa kumi. Kando ya bomba, kwenye saruji, kuna mtu aliandika mwaka kwa msumari, 1958, na herufi mbili, J na O. Nimezipiga picha mara nyingi kwa mwanga tofauti ili zisomeke. Nimeuliza wapangaji waliokaa hapa kabla yangu, hakuna anayejua.

Nahama tarehe 30. Video ya wiki ijayo ni ya SQ peke yake, kuanzia geti dogo, kwa mguu, bila droni. Baada ya hapo nataka kwenda zaidi. Kama shosho wako, guka wako, mamako au mjomba alipika, alifua, alilinda au alilea watoto Muthaiga, Karen, Lavington, Kitisuru, popote pale, mwekee simu mezani umuulize alilala wapi na alipitia mlango gani, halafu unitumie. Akitaka jina lake litajwe tutalitaja lote. Jina la mwenye nyumba sihitaji.