Mficha Uchi Hazai: Tuijue Miili Yetu na ya Waume Zetu



Leo tuzungumze jambo ambalo likitajwa barazani kila mtu anaangalia chini: via vya uzazi. Sisi si madaktari. Ni mafundi cherehani watatu, tuna kibanda chetu cha kushonea Mwanakwerekwe. Lakini haipiti siku bila mwanamke kusimama mbele yetu, mikono juu, tepu kiunoni, akaanza kutueleza yake. Tumbo limejaa na si mimba. Hedhi wiki ya pili haijakatika. Mwaka wa tano wa ndoa na nyumba kimya. Tunasikia mengi, na tumeona kwamba wengi wetu tunalaumiwa kwa viungo ambavyo hata hatujui vimekaaje.

Skuli tulisomeshwa, kidato cha tatu, kwa Kiingereza. Tulikariri majina, tukajibu mtihani, basi. Tulipoolewa, somo akatufunza kujipamba, kumpokea mume na kujitahirisha. Allah amlipe kheri. Lakini mirija na mayai hakuyataja, kwa sababu naye hakutajiwa. Kwa hivyo tumesoma, tumemuuliza mkunga, na leo tunakupeni tulichokipata.

Kwetu sisi wanawake

Kizazi, au mji wa mimba, ni kidogo kuliko tunavyodhani. Kwa asiye mjamzito ni kama inchi 3 urefu, inchi 2 upana na inchi 1 unene. Chukua tepu yako upime uone: ni kama pera lililogeuzwa, upande mwembamba ukawa chini. Kimekaa nyuma ya kibofu cha mkojo, na ndiyo maana mjamzito haishi kwenda chooni. Upande ule mwembamba ni shingo ya kizazi, inayoingia ukeni. Na tuseme wazi: njia ya mkojo ni nyingine na uke ni mwingine. Wapo waliozaa watoto watatu na hawajaambiwa hilo.

Juu ya kizazi, kulia na kushoto, inatoka mirija miwili, kila mmoja kama inchi 4. Mwisho wake una matamvua kama ya mtandio. Karibu na matamvua hayo ndipo zilipo ovari, vifuko viwili vya mayai, kila kimoja kadiri ya lozi.

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kiasi cha milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo huwa yamebaki laki 3 au 4, na yatakayopevuka na kutoka maishani mwake ni kama 400 hadi 500 tu. Fikirini, wapenzi: yai tulilotokana nalo sisi lilikuwapo tayari mama zetu walipokuwa matumboni mwa bibi zetu. Subhanallah.

Kwa kawaida kila mwezi yai moja hutoka, matamvua yakalizoa na kulitia mrijani. Linaishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu ya mwanamme yaweza kuishi mwilini mwetu hadi siku 5. Zinapokutana ni mrijani, si kwenye kizazi. Basi mirija ikiziba, kizazi kizima hakitoshi. Na inazibwa zaidi na maradhi ya kuambukizwa kama kisonono na klamidia yasiyotibiwa, au maambukizi baada ya kuzaa na baada ya mimba kuharibika.

Huku nyuma kizazi kinajitia bitana. Ukuta wake wa ndani unanenepa kwa damu ili mimba ipate pa kushika. Mimba isipoingia, bitana ile inafumuka na kutoka, na hiyo ndiyo hedhi. Sheria ya tohara iko palepale, lakini kimaumbile si uchafu uliojikusanya mwilini mwezi mzima. Kwa wengi hutoka siku 2 hadi 7, na kutoka mwanzo wa hedhi moja hadi nyingine ni siku 21 hadi 35. Ikizidi hapo, au ukibadilisha pedi kila saa, usingoje: nenda ukaangaliwe. Huenda ni uvimbe kwenye kizazi, na unatibika. Na swala zetu pia zinahusika hapa, kwa sababu asiyejua hedhi yake hataijua istihadha. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Kwa waume zetu

Huku ndiko kwenye kimya kikubwa zaidi. Korodani mbili zina kazi mbili: kutengeneza mbegu na kutengeneza homoni ya kiume. Zimening'inia nje kwa hikma, kwa sababu mbegu zinataka mahali penye baridi kidogo kuliko ndani ya mwili, nyuzi 2 hadi 3 hivi. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kukamilika. Zikitoka korodani huingia kwenye mrija uliojikunja nyuma yake. Ukiunyoosha mrija huo ni kama mita 6, tena kitu kinachoenea kwenye kidole! Humo ndimo mbegu zinamokomaa na kupata uwezo wa kuogelea. Kisha hupanda mrija mwingine, zikachanganyika na maji ya tezi dume na tezi nyingine, ndiyo shahawa.

Na hapa tusikilizane vizuri. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya shahawa, nyingi ni maji ya zile tezi. Mwanamme anaweza kuwa na nguvu zake zote, na shahawa zikaonekana za kawaida, lakini mbegu zikawa chache, au dhaifu, au zisiwemo kabisa. Nguvu ni jambo moja na mbegu ni jambo jengine. Jicho halioni. Ni maabara tu.

Lawama upande mmoja

Tunaye mteja, jina lake tunalisitiri. Gauni lake la harusi tulishona sisi, na kila Idi anatuletea kitambaa. Mwaka wa nne wa ndoa alikuja kupimwa, kiuno kimepungua inchi 3. Amekunywa mizizi hadi tumbo likamchafuka. Amesukumwa tumbo na bibi wa mtaani, amepigwa picha ya mirija, ikatoka safi. Tukamuuliza: mumeo je, keshapimwa? Akashangaa. Mama mkwe keshasema mwanawe ni mwanamme kamili, na ukweni wanazungumzia mke wa pili.

Tulichukua karatasi ya kukatia paterni, tukamchorea yote tuliyoyaandika hapo juu, ya kwake na ya mumewe. Akaikunja akaiweka mkobani. Alituambia baadaye ilikaa miezi chini ya godoro kabla hajapata ulimi wa kuizungumza. Mume alikasirika kwanza, kisha akaenda. Mbegu zilikuwa chache, na mishipa ya damu ya korodani imevimba, jambo ambalo lina matibabu yake.

Mtoto hajapatikana bado. Hatukuambieni hadithi ya pacha. Lakini mizizi imeachwa, kliniki wanakwenda wawili, na maneno ya mke wa pili mume mwenyewe ndiye aliyeyazima. Kwetu sisi hiyo si ndogo.

Wala wao si peke yao. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema karibu mtu mzima mmoja kati ya 6 hupatwa na tatizo la kukosa uzazi wakati fulani maishani. Na karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, upande wa mume una sehemu yake, peke yake au pamoja na wa mke.

Na wanaozaa wanawake watupu

Hawa nao wanaumizwa. Yai la mama hubeba kromosomu ya X siku zote. Mbegu ya baba ndiyo huja na X, akawa mtoto wa kike, au Y, akawa wa kiume. Mwanamke mwenzetu wa Marekani, Nettie Stevens, alilionyesha hilo mwaka 1905 kwa kuchunguza wadudu. Wala baba naye hachagui. Aya za Suratu Shura ziko wazi: Allah ndiye anayempa amtakaye wa kike, na amtakaye wa kiume. Basi mwenye kumsusa mke kwa mabinti anamsusa nani?

Kichocho, dada zetu

Kuna jambo la visiwani kwetu hasa. Ndugu zetu waliokulia karibu na mito na mabwawa, Pemba na Unguja, wanakijua kichocho kwa kukojoa damu. Wachache wanajua kwamba mayai ya mdudu yule yanaweza kuganda kwenye uke, shingo ya kizazi na hata mirija. Mwanamke akatokwa na damu baada ya tendo, akaumwa, akatokwa na majimaji, na mimba ikachelewa. Watu wakasema ni maradhi ya zinaa. Ndoa ngapi zinaingia fitna kwa maji aliyochezea mtu akiwa na miaka minane? Ukienda kupimwa, mwambie daktari ulikulia wapi. Dawa ya kuua wadudu ipo, na ikiwahi mapema ni bora zaidi.

Tufanyeje?

Mwaka mmoja wa kujaribu ukipita bila mimba, nendeni wote wawili. Mke akishapita miaka 35, isizidi miezi 6. Mume aanze naye siku ileile, kwa sababu kipimo chake ni chepesi kuliko vyetu: hajizibwi wala hachomwi, ni kujizuia siku 2 hadi 7 na kutoa shahawa kwenye kikopo. Akiwa na wasiwasi wa kisheria, amuulize sheikh anayemwamini. Na mabinti zetu tuwafunze majina haya kwa Kiswahili, kabla hawajafika kwa somo.

Kizazi kwa Kiarabu ni rahim, na rehema imetoka shina hilohilo. Kiungo chenye jina hilo hakistahili kuwa sababu ya kumdhalilisha mtu.

Ya Allah, wape kizazi chema wanaokutafuta, na wape subira na heshima wanaongojea. Amin.