Kuhusu barua yako ya ufadhili

Mpwa wangu,



Mama yako amenionyesha barua yako ya kuomba ufadhili wa masomo Uingereza (wewe hukuona haja, ingawa Kiingereza cha ukoo huu kimepita mikononi mwangu). Katika ukurasa mmoja u "extremely passionate", u "truly honoured", tena u "very, very hardworking". Hapo ndipo raha iliponitoka, maana msomaji atafika mwisho akijua kwamba una hamu, asijue umefanya nini.

Vielezi hivi vya kukoleza huchakaa, na Kiingereza chenyewe ni shahidi. Wahenga wa Waingereza walisema "swithe", nalo limekufa. "Very" lilitoka Kifaransa likiwa na maana ya "kweli". Leo halimthibitishii mtu chochote. "Terribly" lilibeba hofu na "awfully" kicho, na sasa yote mawili husifia keki. Mwaka 1754 Lord Chesterfield aliandika katika jarida la The World akiwacheka mabibi waliopachika "vastly" kila mahali: mmoja alikisifu kijaluba cha ugoro cha dhahabu kuwa kinapendeza "vastly" kwa kuwa ni kidogo "vastly". Neno la upana limegeuka kipimo cha kijaluba! Jane Austen naye, katika riwaya yake Northanger Abbey, alimjaza Isabella Thorpe "amazingly" mdomoni, na msomaji makini huanza kumtilia shaka binti huyo kabla hajamkosea mtu. Hilo ndilo ninalolihofia kwako. Anayekoleza kila sentensi humfanya msikilizaji ajiulize kwa nini sentensi haikutosha.

Utanijibu kwamba vijana wa huko wenyewe husema "really" na "so" kutwa. Ni kweli. Watafiti Ito na Tagliamonte walipochunguza mazungumzo ya watu wa mji wa York, Uingereza, waliona "really" ikishika kwa vijana huku wazee wakibaki na "very". Basi kielezi kinatangaza rika lako kuliko hisia zako, na barua yako huenda ikasomwa na mtu wa rika langu. Tena anayezungumza ana sauti na uso wa kumsaidia, karatasi haina. Utasema pia kwamba sisi hutamka "asante sana sana" bila aibu. Sawa, lakini hiyo ni adabu ya kushukuru. Kamati ya ufadhili haipokei shukrani, inakupima na mwombaji mwingine ambaye naye ameandika "extremely".

"Very excellent" ifute. "Excellent" imeshafika kileleni. Mahali pa "passionate" andika kwamba ulifundisha hesabu kidato cha pili wakati wa likizo, walikuwa wangapi, na wangapi walifaulu. Rasimu mpya niione kabla hujaituma.

Mjomba wako