Dawa ya Zamani na Dawa Mpya

Msomaji, yako mambo yaharibikayo kwa haraka, na kubadili dawa ya kifafa ni mojawapo. Sisemi haya kwa kusikia, bali kwa kuonja.

Kifafa kilinianza utotoni. Ubongo wa mwanadamu hufanya kazi kwa umeme mdogo upitao baina ya chembe zake. Chembe nyingi zikitoa umeme huo pamoja bila ya utaratibu, mtu huweza kuanguka, viungo vikamtetemeka na fahamu zikamtoka. Hapana pepo hapo wala laana, na povu la mgonjwa halimwambukizi mtu.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa fenobabito. Ni mzee wa heshima: tabibu Alfred Hauptmann wa Ujerumani alitangaza faida yake kwa wenye kifafa mwaka 1912, na kwa kuwa bei yake ni nafuu, hutumika hata leo katika nchi nyingi. Ilinikinga nisianguke, lakini ilinitoza ushuru wa usingizi. Darasani macho yangu yalikuwa wazi na akili imelala. Mwalimu aliponiuliza swali, jibu lilinijia wakati yeye amekwisha kumuuliza mwingine.

Nilipokuwa kidato cha pili, daktari aliamua kunihamishia kwenye kabamazepini. Dawa mpya ingeanza kwa kiasi kidogo na kupandishwa hatua kwa hatua. Ya zamani isingeguswa kwanza. Baadaye ingepunguzwa polepole kwa muda wa miezi. Upele ukitokea mwilini, nirudi kwake siku ile ile. Mama aliyasikia masharti hayo, akaniambia, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao."

Nilisikia, sikuzingatia. Wiki mbili zilipopita salama, nilivitupa vidonge vya zamani chooni. Kwa siku nne nilijiona mfalme. Siku ya tano nilianguka bwenini, na kabla fahamu hazijanirudia nikaanguka tena. Rafiki yangu mmoja alinilaza ubavu, akaweka sweta chini ya kichwa changu, asinitie kitu kinywani, akatuma mtu kutafuta gari. Nilizindukia hospitalini. Mama alikuwa kando ya kitanda, amevaa kiatu kimoja cha rangi hii na kimoja cha rangi ile.

Daktari hakunikaripia. Alieleza kwamba ubongo uliozoea fenobabito kwa miaka, ukinyimwa ghafula, huruka kama ng'ombe aliyekata kamba. Na mtetemeko usiokoma huweza kuua. Tulianza upya. Safari ilichukua miezi mitano, na kila likizo mama alihesabu vidonge vyangu kama mwenye duka ahesabuye fedha. Leo natumia kabamazepini peke yake, na usingizi wa mchana umeniaga.

Zamani nilidhani methali ile humkataza mtu kitu kipya. Sasa naiona vingine: haikatazi msala, hukataza kutupa mbachao kabla msala haujatandikwa. Dawa ya zamani ni mlinzi asiyeondoka langoni mpaka mwenzake ashike zamu. Basi msomaji, ukichoshwa na dawa yako, uchovu huo mpelekee daktari, usiupeleke chooni.