Mlio wa bomba la moshi hapa Bogoro

Hapa Bogoro, tangu shambulizi la tarehe 24 Februari 2003, mlio kama wa risasi hausubiriwi mara ya pili: mama anabeba mtoto, anakimbia. Simlaumu. Hata mimi, mtu wa redio, nashtuka. Lakini mara nyingine ni pikipiki tu. Barabara ya Bunia–Kasenyi inatikisa, injini inapata moto na kupoa, nati za bomba la moshi zinalegea. Gasketi inaungua, hewa inaingia, na petroli iliyobaki inalipukia ndani ya bomba dereva anapopunguza mwendo.

Ndugu zangu wamotari, kazeni injini ikiwa imepoa, nati hii kidogo, ile kidogo. Mkifungua bomba, wekeni gasketi mpya. Ya zamani imekwisha kubanwa. Kisha kagueni tena baada ya siku chache.