Enzi za Kupimwa Joto Mlangoni

Mwaka 2020 hapa Mombasa hukuweza kununua hata mkate bila kuambiwa joto la mwili wako. Dukani ulipimwa, benki ulipimwa, kwa kinyozi, kwenye hoteli ya biriani, msikitini, kanisani, stendi ya mabasi. Mwenye shughuli mjini hakufika adhuhuri kabla hajalengwa paji la uso mara nne tano, na kila mlango ulimpa nambari yake: 36.2, 35.8, 34.9. Ulikuwepo hata mlango wenye kipima joto kilichochoka, uliomwambia 32.1 na kumkaribisha ndani. Mtu ambaye joto la ndani ya mwili wake limeshuka hadi 32 hazunguki akitafuta maziwa ya chai. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Lakini bawabu hakuwa na habari na walioshuka. Aliagizwa awazuie waliopanda.

Mambo yenyewe wengi tunayakumbuka. Tarehe 13 Machi Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Baada ya siku mbili tukaambiwa shule zinafungwa. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na jioni hiyo ya kwanza waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni wafike makwao walikutana na moshi wa vitoa machozi. Mapema Aprili kaunti yetu ikafungwa, haiingiliki haitokeki. Mwezi Mei ukafungwa Mji wa Kale peke yake, katikati ya Ramadhani. Matatu ya abiria 14 iliamriwa ibebe 8, nauli ikaruka. Katika mazito yote hayo, kupimwa joto kulikuwa jambo jepesi kabisa: hakuumi, hakulipiwi, na kunakwisha kabla hujamaliza salamu. Nadhani ndiyo maana tulikupenda. Tulipata kitu cha kufanya, tukapewa na nambari ya kututuliza.

Kile kidude cheupe chenye umbo la bastola, ambacho mtaani kila mtu alikiita themogani, hakifiki ndani ya mwili. Kinapokea joto linalotoka kwenye ngozi, kisha kinakisia hali ya ndani. Ili kikisie vizuri lazima kikae sentimita chache tu kutoka kwenye paji la uso, paji liwe kavu, lisiwe limetoka juani, pasiwe na upepo, na chenyewe kiwe kimeshazoea hewa ya mahali kinapotumika. Sasa chukua masharti hayo uyapeleke kwenye mlango wa duka Mombasa wakati wa kaskazi, jua limesimama utosini. Mtu ameshuka kwenye tuktuk, amevuka barabara, jasho linamchuruzika chini ya barakoa. Upande wa jua atasoma 38. Akisogea mlangoni, jasho likapigwa na feni, atasoma 35.

Bawabu mmoja wa duka la vyakula, mtaa wa pili na kwangu, alikuwa na tiba yake: kiti cha plastiki kivulini, chini ya bango la unga. Aliyezidi 37.5 aliambiwa, "Keti hapo mama, upoe kidogo." Mama anaketi, anajipepea kwa ncha ya mtandio, wanazungumza habari za bei ya mafuta. Dakika chache baadaye anapimwa tena. "36.6. Karibu mama." Sikumsikia mtu akiuliza ni homa gani hiyo inayopoa kwa kuketi kivulini. Na kwa kweli bawabu alikuwa na haki, kwani kwa joto letu hili wengi wa waliokuwa wakimsomea 38 walikuwa wazima. Jua tu liliwapiga.

Halafu ukaingia uvumi kwamba themogani inaunguza ubongo. Haikuwa kweli, kwa sababu kidude kinapokea joto, hakirushi. Lakini nani atasimama mlangoni kutwa nzima akiwafundisha watu fizikia? Mabawabu wakahamia mkononi. Wateja nao wakazoea, wakawa wananyoosha mkono kabla hawajaambiwa, kama wanaotaka kuvishwa bangili. Mkono huo ulikuwa umetoka kunawa maji ya tangi, au umepakwa sanitaiza ambayo bado inakauka, na spiriti inapokauka huipoza ngozi. Kwa mpango huo hata mwenye malaria ya kutetemeka angeweza kupita akiwa na 34 yake safi.

Tusisahau daftari. Kwenye maofisi, baada ya kupimwa, uliandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na katika safu ya mwisho, joto. Ilipokosekana betri, daftari liliendelea bila kidude. Wa juu kaandika 36.5, wewe unaandika 36.4 usionekane umenakili, wa chini yako anarudi 36.5. Kurasa kwa kurasa za watu wenye afya njema! Na kalamu yenyewe ni moja, imefungwa kwa uzi kwenye meza, na kila aliyetoka kutakasa mikono yake aliishika.

Ile 37 tuliyokuwa tukiihofia kuivuka ina historia ndefu kuliko korona. Daktari Mjerumani Carl Wunderlich aliwapima maelfu ya wagonjwa mjini Leipzig, akachapisha kitabu mwaka 1868 kilichoifanya nyuzi 37 kuwa kipimo cha mtu mzima wa afya. Kipima joto cha zama zake kilikaa kwapani robo saa na zaidi. Sisi tulikuwa na sekunde moja, kifundo cha mkono na foleni inayonung'unika.

Palipokuwa pagumu ni kwenye nyumba za ibada. Julai zilipokubaliwa kufunguliwa tena, masharti yalikuwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wasije walio chini ya miaka 13 wala waliopita 58. Mlangoni akawekwa kijana wa kamati, themogani mkononi. Sasa mwambie kijana wa Mombasa amzuie mzee wa makamo ya babu yake asiingie msikitini alikoswali tangu huyo kijana hajazaliwa. Nakumbuka mzee mmoja, kanzu imepigwa pasi, msala wake mwenyewe begani, udhu kauchukulia nyumbani kama ilivyoamriwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Haya, nipime."

"Babu, shida si joto. Ni umri."

"Umri wangu wewe kakwambia nani?"

Waliokuwa nyuma wakacheka. Kijana akatazama huku na huku, akamlenga paji la uso, akasoma kwa sauti, "36.1," akampisha. Siku ile niliielewa themogani kuliko maelezo yote ya wataalamu. Ilimwokoa kijana asimvunjie mzee heshima, ikampa mzee ruhusa bila mabishano.

Wenzetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, walikuwa wameshayajua haya. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini mwezi Agosti 2018, njia zao na mipaka yao iliwekwa vituo vya kunawa maji ya klorini na kupimwa joto, hata pale mpakani Petite Barrière, watu walipokuwa wakivuka kwa maelfu kila siku kwenda na kutoka Gisenyi, Rwanda, kwa biashara. Julai 2019 mchungaji mmoja alipanda basi Butembo akafika Goma akiwa na ebola. Njiani basi lile lilipita vituo vitatu vya ukaguzi, na kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, hakuna pahali alipoonekana kuwa na dalili. Majina aliyoandikisha hayakufanana. Mlipuko huo ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287. Sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunanunua themogani zetu.

Na wenye nchi tajiri walikuwa na somo lao pia. Wakati wa SARS mwaka 2003, Kanada iliwakagua mamilioni ya abiria kwenye viwanja vya ndege, wengine kwa mitambo ya kuonyesha joto la mwili, isipate hata mgonjwa mmoja wa SARS kwa njia hiyo. Korona ilikuwa na hila zaidi. Mtu aliiambukiza kabla hajahisi chochote, wengine hawakupata homa kabisa, na mwenye homa alikuwa na Panadol mfukoni. Tena alikuwa na sababu ya kuimeza. Kibarua wa bandarini au msaidizi wa nyumbani akirudishwa mlangoni, siku hiyo hapati kitu. Na mwanzoni waliotiwa karantini walidaiwa wajilipie malazi. Ukiweka hofu hiyo mlangoni, usishangae watu wakijipanga namna ya kuupita.

Waliobeba mzigo wote huo ni mabawabu. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, watu 67 walipouawa, walikabidhiwa kile kijiti cha kutafutia chuma na kioo cha kutazama chini ya gari. Mwaka 2020 wakaongezewa uganga, mshahara ule ule. Zamu ya saa kumi na mbili, barakoa moja ya kitambaa, na mamia ya nyuso zikiwajia karibu kwa siku nzima, kila mmoja akipumua na baadhi wakitukana. Tuliwapigia makofi madaktari na wauguzi, na walistahili. Sikumbuki kama palitokea aliyempigia makofi mtu wa mlangoni, ambaye kwa hesabu ya pumzi alikutana na mji mzima.

Kafyu iliondolewa Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021. Amri ya barakoa ikafuata tarehe 11 Machi 2022. Themogani hazikuagwa, betri ziliisha zikaachwa hivyo hivyo. Moja naijua imelala kwenye droo ya mapokezi ya ofisi fulani, pamoja na funguo zisizo na kufuli. Alama za kusimamia mbalimbali zilizobandikwa sakafuni zimefutwa na nyayo, mabomba ya sanitaiza ukutani yamebaki maganda. Bawabu amerudi kwenye kijiti chake. Anakigusisha begi, kinalia, anakwambia pita.

Kwa hizo sina majonzi. Ninachokisikitikia ni maji. Nje ya kila soko, kila kituo cha matatu, kila duka la maana, palikuwa na tangi, mfereji na sabuni. Mafundi wa kuchomelea walibuni vifaa vya kukanyaga kwa mguu ili usishike mfereji. Huko Bungoma mtoto wa miaka 9 alijenga cha mbao cha namna hiyo, na Juni 2020 Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani. Mama muuza samaki alinawa kabla ya kula, mtoto aliyetoka madrasa alinawa, utingo alinawa. Katika vyote tulivyowekewa mlangoni, hicho ndicho kilichokuwa na kazi hata bila korona, na hicho ndicho kilichoondoka kimya kimya. Mfereji mmoja uliibwa, tangi jingine likahamishiwa nyumbani kwa mtu, sabuni ikaisha na haikununuliwa tena. Oktoba 2022, miezi saba tu baada ya barakoa kuvuliwa, Kenya ilikuwa na mlipuko wa kipindupindu, maradhi ambayo kinga yake ya kwanza ni maji safi na mikono iliyonawa.

Themogani zitarudi, hilo halina shaka. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini aligunduliwa kwenye mpaka wa Taveta, na popote yatakapotokea maradhi mengine tutalengwa tena mapajini, na tutanyoosha mikono bila kuambiwa. Sawa, na zije. Lakini ninyi wenyeviti wa masoko na waheshimiwa wawakilishi wa wadi mnaopitisha bajeti za kaunti, msingoje tangazo la waziri. Tangi la lita mia mbili, mfereji wa kukanyaga, kipande cha sabuni na mtu wa kulijaza kila asubuhi, mlipeni. Hilo lirudisheni sasa.